Mwanzi Haujui Mpaka



Juma lililopita, katika kituo cha basi cha Buruburu, nilimwona kijana mmoja amekumbatia mkebe wenye mche wa mwanzi. Nilipomwuliza aupeleka wapi, alinijibu kwa furaha kwamba ataupanda uani, apate kivuli na pazia la kuwazuia wapita njia wasimchungulie. Nilitamani kumwonya, lakini basi lake lilifika, akapanda. Basi, neno nililokusudia kumwambia yeye nawaambia ninyi.

Nyumba zetu za Buruburu, zilizoanza kujengwa kwa awamu katika miaka ya 1970, zina nyua ndogo zilizotengwa kwa ukuta tu. Apandaye kitu uani mwake humpandia na jirani. Jambo hilo sikulifahamu nilipopanda miche yangu mitatu kando ya ukuta. Mwaka wa kwanza ilisimama kimya, hata nikailaumu kwa uvivu. Mwaka wa tatu, mvua za masika ziliponyesha, machipukizi yalizuka nisipoyatarajia: chini ya kamba ya nguo, kisha mbele ya mlango wa jiko.

Asubuhi moja jirani yangu, mama wa umri wa kunizaa, aliniita. Machipukizi mawili yalikuwa yamepasua sakafu ya ua wake, na mfereji wa maji machafu umeinuliwa hata maji yanarudi jikoni. Kwa aibu nilisema uongo: "Mama, huenda mbegu imeletwa na ndege."

Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, ndege hapiti chini ya ukuta. Chimba upande wako, nami nichimbishe wangu, tuone tutakutana wapi."

Sikuwa na jibu. Jumamosi ile nilishika jembe.

Yafaa kujua kwamba mwanzi si mti, bali ni wa jamii ya nyasi, na nguvu zake zimo katika shina lililolala chini ya udongo. Iko mianzi ya namna mbili. Ya kwanza hukua kwa kishungi, ikipanuka polepole mahali pamoja; mwanzi wa manjano tuuonao mara nyingi ni wa namna hii. Ya pili hutambaa, ikipeleka shina lake mbali chini kwa chini. Mimi nilinunua bila kuuliza ni wa namna gani, na ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza.

Aliyekwisha kupatwa na afanye hivi. Kwanza, akate mianzi yote hadi chini. Pili, alifuate shina la udongoni kwa jembe na sururu, alitoe lote. Kwa kawaida halendi chini sana, ila kipande kilichosalia chaweza kuchipua tena. Tatu, kila chipukizi litokealo alikate likiwa changa, kwa maana majani ndiyo yanayolilisha shina, na lisipopata majani hufa kwa njaa. Kazi hii si ya siku moja. Mimi nilikata kwa misimu miwili. Wala asitupe masalio kando ya mto, kwani huenda yakaota huko. Ayakaushe juani kabisa kwanza.

Naye apendaye kupanda, achague mwanzi wa kishungi, au aupande katika pipa lenye tundu za kupitishia maji, lililowekwa juu ya saruji.

Msidhani nauchukia mwanzi. Katika milima ya Aberdare, Mlima Kenya na Mau, misitu ya mianzi hushika udongo na kuhifadhi maji ya mito yetu. Mwaka 1986 Serikali ilipiga marufuku kuukata katika misitu yake, na mwaka 2020 mwanzi ulitambuliwa rasmi kuwa zao la kilimo. Kwa hiyo si mmea mbaya. Ila mahali pake ni mlimani na shambani, si kwenye ua wa hatua kumi. Ndugu zetu wa Baringo wanajua vema jinsi mmea ulioletwa kwa nia njema uwezavyo kugeuka mzigo: mathenge ulipandwa huko mnamo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, na baadaye ukafunika malisho yao.

Nilimlipa fundi akatengeneza sakafu na mfereji wa yule mama. Fedha ziliniuma, lakini uongo wangu uliniuma zaidi. Nilipokwenda kumwomba radhi, alinikaribisha chai, akasema kwamba sakafu haikumwudhi sana. Aliudhika kwa kudhaniwa mjinga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, ukiona chipukizi lako limevuka mpaka, usingoje kuitwa. Bisha hodi kwa jirani wewe kwanza, jembe likiwa mkononi.