Utumishi kwa Jamii Nao Ustahili Ufadhili

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali katika kaya nyingi za Mkuyuni huwa moja: nani atalipa ada ya chuo? Mwenye uhitaji huelekezwa kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini mkopo ni deni, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi alimalize. Mwenye alama za juu za sayansi anao ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Umaskini una mlango wake na ufaulu una wake. Utumishi kwa wengine hauna.

Kijana aliyewafundisha hesabu watoto wa mtaa bila malipo, aliyezibua mitaro masika yaliposhusha mchanga kutoka milimani, aliyeshiriki kung'oa magugumaji mwaloni, hayo yote hayamwongezei uzito katika mizani hiyo miwili. Akitafuta kwenye intaneti ufadhili unaothamini kujitolea, mwingi atakaoukuta ni wa raia wa Marekani. Wapo wachache wanaotufikia, kama mpango wa Mastercard Foundation ulioanza mwaka 2012, ambao Chuo Kikuu cha Makerere ni mshirika wake: huo hupima ufaulu, uhitaji na moyo wa kuirudishia jamii kwa pamoja.

Wazo lenyewe si geni katika mwambao huu wa ziwa. Novemba 1974, TANU iliamua mjini Musoma kwamba mwanafunzi asitoke shuleni na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi walau miaka miwili, kisha kazini na chamani wamshuhudie. Haikupita miaka mingi, wanawake wakasamehewa sharti hilo kwa kuwa idadi yao chuoni ilishuka. Kwa maoni yangu, kasoro ya azimio ilikuwa kuufanya utumishi kuwa kizuizi kwa wote, na kukikabidhi chama kalamu ya ushahidi. Utumishi wa lazima hugeuka foleni ya kusubiri barua.

Wapo watakaosema kwamba barua za kughushi zitafurika, na kwamba mtoto wa tajiri ndiye mwenye nafasi ya kujitolea. Hoja zote mbili ni nzito. Ya kwanza hujibiwa kwa kuwauliza waliohudumiwa badala ya kutegemea muhuri wa ofisi. Ya pili hujibiwa kwa kupanua maana ya utumishi: binti aliyelea wadogo zake yatima huku akisoma ametumikia kuliko aliyepiga picha akipanda mti mmoja.

Napendekeza Halmashauri ya Jiji la Mwanza ianze kwa udogo: mwanafunzi mmoja kwa kila kata kila mwaka, achaguliwe hadharani katika mkutano wa wananchi, miongoni mwa waliokwisha kudahiliwa chuoni. Gharama yake inabebeka, na faida yake itaonekana kabla ya wahitimu wa kwanza: vijana watajua kwamba mtaa unawatazama.

Taifa hupata watu wa aina linayoizawadia. Tukizawadia alama peke yake, tusishangae tunapopata daktari hodari asiyetaka kupangiwa Ukerewe.