Baada ya SONAS kupoteza ukiritimba, nani anamtetea mhasiriwa?

Mashariki mwa Kongo, ukimtajia dereva wa pikipiki neno bima, anawaza kwanza polisi wa barabarani. Anaitafuta ile karatasi ili asikamatwe. Habari ya kulipwa siku ya ajali iko mbali na kichwa chake. Mazoea hayo yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kampuni moja: SONAS.

Shirika hilo la taifa la bima liliundwa tarehe 23 Novemba 1966, wiki chache kabla ya serikali ya Mobutu kuitwaa Union Minière kule Katanga. Nia ilikuwa ileile: pesa za Wakongo zisiendelee kwenda Ubelgiji. Kampuni za kigeni zilizouza bima tangu ukoloni zikafungiwa mlango. Kisha sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ikaamuru kila gari liwe na bima ya kuwalipa watu litakaowaumiza. Mteja akalazimishwa kununua, na muuzaji alikuwa mmoja tu. Nani angejisumbua kumbembeleza?

Hata hivyo, si haki kuutwisha ukiritimba mzigo wote. Bima ni pesa inayokusanywa leo ili ilipwe kesho, na mwaka 1994 bei nchini Zaire zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Fidia iliyohesabiwa Januari ilikuwa haina maana kufikia Desemba. Baadaye vikaja vita. Raia wakazoea kusema kwamba bima ni kodi nyingine tu.

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifuta ukiritimba huo. Ikaanzishwa ARCA, mamlaka inayosimamia sekta ya bima, na mwaka 2019 kampuni binafsi kama Activa, Rawsur na SFA zikapata vibali. SONAS, ambayo ni mali ya serikali, sasa inatafuta wateja kama wenzake.

Ni hatua nzuri, ila ushindani unamsaidia zaidi mnunuzi. Mwenye basi anachagua kampuni anayoitaka. Mama anayegongwa akiuza mihogo kando ya barabara hachagui chochote. Anaangukia kampuni iliyochaguliwa na mtu mwingine, tena mtu ambaye huenda alitafuta tu karatasi ya bei nafuu ya kuonyesha polisi. Soko lenyewe halina sababu ya kumjali mama huyo. (Na mfanyabiashara ambaye duka lake limechomwa katika mapigano asome mkataba wake vizuri: kwa kawaida bima ya mali haihesabu vita.)

Hapo ndipo ARCA inapaswa kuonekana, tena nje ya Kinshasa. Kila mwaka itangaze, kampuni kwa kampuni na mkoa kwa mkoa, madai mangapi ya ajali yaliletwa, mangapi yalilipwa, na baada ya siku ngapi. Takwimu hizo zisomwe redioni kwa Kiswahili, Bunia, Beni na Uvira. Madai ya zamani yaliyobaki SONAS nayo yahesabiwe humo, kwa sababu wenye madai hayo hawakupewa nafasi ya kwenda kwingine.