Fundi wa Kijiji: Pikipiki mpya, oili imwagwe lini?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kufunga mzigo kwenye pikipiki. Tangu hapo vijana watatu wamenijia kwa nyakati mbalimbali. Wote wana pikipiki mpya. Wawili walikuja kuuliza swali. Wa tatu alikuja pikipiki yake ikitoa moshi.

Swali lilikuwa hili: oili ya kwanza, ile iliyotoka nayo dukani, imwagwe lini?

Kijana wa kwanza aliambiwa na muuzaji kwamba oili ile ni nzuri sana, atembee nayo mpaka kilomita 1,500. Wa pili aliambiwa na wenzake wa kijiweni amwage baada ya wiki moja. Wa tatu hakumwuliza mtu. Aliamua mwenyewe kwamba atamwaga mwisho wa mwezi, akishapata fedha za abiria.

Tuanze na huyu wa tatu.

Yeye hubeba abiria kutoka kijijini hadi barabara kuu. Kwenda na kurudi ni kilomita 20. Kwa siku hufanya safari 5. Hebu chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. 20 mara 5 ni 100. Kwa hiyo pikipiki yake hutembea kilomita 100 kila siku. Kwa siku 30 ni kilomita 3,000.

Kitabu cha pikipiki yake kinasema oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500. Kilomita 500 alizifikia siku ya 5. Yeye aliendelea siku nyingine 25 na oili ile ile. Juu ya hayo, alikuwa akibeba mishikaki, yaani abiria wawili kwa mara moja, kwenye kilima chetu mnachokijua.

Tulipofungua nati ya chini, oili iliyotoka haikufika hata nusu ya ile inayotakiwa. Ilikuwa nyeusi na ilinuka kama kitu kilichoungua. Tuliitia kwenye karai, tukaliinamisha juani. Chini tuliona chembe ndogo zinazong'aa kama mchanga wa mtoni. Zile zilikuwa chembe za chuma.

Tulitia oili mpya. Lakini moshi haukwisha. Sasa pikipiki ile inakula oili, na kila baada ya siku mbili lazima aongeze. Mkopo wa kikundi alionunulia bado una miezi 11.

Je, chembe zile za chuma zilitoka wapi?

Akina mama watanielewa upesi. Jiwe jipya la kusagia, unga wake wa kwanza hauliwi. Una mchanga. Jiwe jipya lina mikwaruzo, na linaposuguana na jiwe lenzake mikwaruzo ile hukatika na kuingia katika unga. Unga ule humwagwa. Baadaye mawe yakishazoeana, unga huwa safi.

Injini mpya ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka katika silinda. Pistoni ina ringi za chuma. Pia kuna gia. Vyuma hivi kwa macho ni laini, lakini vina mikwaruzo midogo sana iliyobaki kiwandani. Katika kilomita za kwanza vyuma husuguana mpaka vizoeane. Vumbi la chuma linalotoka huchukuliwa na oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema kuliko zote zitakazofuata. Inaweza kuwa oili nzuri kabisa, kama alivyosema yule muuzaji. Lakini imekwisha kubeba takataka, na ukiiacha humo inazunguka nazo mchana kutwa.

Sasa turudi kwa kijana wa pili aliyeambiwa wiki moja. Kwa dereva wa abiria anayetembea kilomita 100 kwa siku, wiki moja si mbali sana na ukweli, ingawa amechelewa kidogo. Lakini mkulima anayekwenda mnadani mara moja kwa wiki, kwenda na kurudi kilomita 30, kwa wiki moja atakuwa ametembea kilomita 30 tu. Itamchukua zaidi ya wiki 16 kufika 500. Injini haijui Jumatatu wala mwisho wa mwezi. Inajua mwendo iliokwenda.

Basi jibu langu kwa wote ni moja. Fuata kitabu kilichokuja na pikipiki, na soma mita.

Najua utasema kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na mimi jambo hili hunikera. Pikipiki zinauzwa kwetu kwa maelfu, na vitabu vyake wengi hawawezi kuvisoma. Lakini usikitupe kabatini. Tarakimu ni zile zile ulizojifunza darasani. Tafuta ukurasa wenye jedwali, yaani mistari na vyumba. Juu yake tafuta herufi mbili, km, maana yake kilomita. Pembeni tafuta neno la herufi tatu, OIL. Hilo ndilo oili. Namba ya kwanza kwenye mstari huo ndiyo unayoitaka. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kubebea abiria utakuta 500, au kati ya 500 na 750. Ukiona namba mbili namna hiyo, chagua ile ndogo.

Sasa mita. Katika baadhi ya pikipiki tarakimu ya mwisho kulia ina rangi tofauti na zenzake. Hiyo si kilomita kamili, bali ni sehemu ya kumi ya kilomita. Usiihesabu. Mita ikionyesha 0 0 4 8 7 3, na ile 3 ina rangi yake peke yake, umetembea kilomita 487. Hujatembea 4,873. Mzee mmoja alinijia mbio akidhani amepitiliza mno, kumbe alikuwa bado na kilomita 13. Tulicheka sana, lakini kosa lake lilikuwa zuri kuliko la yule kijana.

Mita ikifa, usikate tamaa. Pikipiki hizi ndogo kwa kawaida hutembea kilomita 40 au zaidi kwa lita moja ya petroli. Andika kila lita unayotia. Lita 25 ni kama kilomita 1,000. Hesabu hii si kamili, lakini ni bora kuliko kukisia.

Baada ya oili ya kwanza, je? Hapo kitabu kitatoa namba kubwa zaidi. Namba hiyo imewekwa kwa mtu anayetumia pikipiki kwa kawaida, barabara nzuri, mzigo mdogo. Wewe unayebeba magunia, unayepita katika vumbi la kiangazi, unayepanda milima kwa gia ya kwanza, punguza hadi nusu. Kitabu kikisema 3,000, wewe mwaga kwenye 1,500. Vitabu vingine hutaja miezi pia. Basi kitakachotangulia, miezi au kilomita, ndicho ukifuate, maana oili huharibika hata pikipiki ikisimama.

Wako watakaokuambia kwamba magari mapya ya siku hizi hutembea kilomita 10,000 na zaidi bila kumwaga oili. Ni kweli, yapo. Lakini gari lina lita 4 au 5 za oili, na gia zake zina oili yake ya peke yake. Pikipiki yako ina kama lita moja tu. Lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi, tena huipoza injini. Inachoka mapema.

Wengine hutazama rangi. Wakiona oili imekuwa nyeusi humwaga, wakiona bado ya kahawia huacha. Rangi peke yake haitoshi. Oili huweza kuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi yake ya kuosha masizi. Na oili ya kwanza huweza kuonekana nzuri huku imejaa vumbi la chuma. Rangi moja tu ndiyo ya kutisha. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hutokea pengine baada ya kuvuka mto kwenye kina. Hapo usihesabu kilomita wala usiwashe injini. Imwage siku hiyo hiyo.

Neno juu ya kununua. Nunua chupa yenye namba ile ile iliyo kitabuni, kwa mfano 20W-50. Pia tafuta alama 4T. Hiyo ni ya pikipiki za mipigo minne kama hizi zetu. Chupa yenye 2T ni ya injini zinazochanganya oili na petroli, hiyo siyo yako. Kama chupa ina herufi JASO MA, ni vizuri zaidi, maana inafaa klachi inayoloa oili. Baadhi ya oili za gari zina utelezi uliozidi, na klachi huanza kuteleza. Unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi.

Tazama kifuniko kama hakijafunguliwa. Wako walaghai wanaookota chupa tupu na kujaza oili iliyotumika, wakaiuza upya. Ukimaliza chupa yako, itoboe kwa msumari.

Kumwaga kwenyewe si kazi ngumu. Washa injini dakika chache ili oili ipate joto itiririke, kisha zima. Isiwe moto sana, itakuunguza. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali pa tambarare. Weka karai chini, fungua nati kwa spana inayoshika sawasawa, ngoja dakika kama 10. Safisha nati, tazama washa yake kama haijapasuka, ndipo uifunge. Usiikaze kwa hasira! Chuma cha chini cha injini ni laini, hesi zikikatika utalia. Tia oili kwa kipimo cha kitabu. Washa dakika mbili, zima, ngoja kidogo, kisha pima kwa kijiti au kwa kioo kidogo cha pembeni. Oili iwe kati ya mistari miwili. Ikizidi mstari wa juu nayo ni vibaya.

Kupima huku kufanye kila asubuhi, hata baada ya kujifunza yote haya. Kijana yule angepima asubuhi moja tu katika wiki ya pili, angeona oili inakwisha.

Oili uliyoitoa usiimwage shambani wala karibu na kisima. Oili kidogo huharibu maji mengi. Isiwekwe mahali watoto wanapochezea, wala isipakwe kwenye vidonda vya mifugo kama wengine wanavyofanya. Tia katika dumu, mpelekee fundi anayekusanya. Na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni, maana oili iliyotumika ikizoea kukaa kwenye ngozi huleta madhara.

Sasa nunua daftari dogo, lile la kurasa chache. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liweke chini ya kiti. Hivi ndivyo alivyoandika kijana wa kwanza tulipomaliza kazi yake:

Tarehe 5 Juni. Mita 503. Nimemwaga oili ya kwanza. Nimetia 20W-50.
Ya pili nitamwaga mita ikifika 2,003.

Alipataje 2,003? Kitabu chake kinasema 3,000. Yeye hubeba mahindi, kwa hiyo alichukua nusu, 1,500, akajumlisha na 503. Aliandika mwenyewe. Mwaka juzi kijana huyu alikuwa akitia dole gumba.

Bei ya lita moja ya oili haizidi sana bei ya jogoo. Bei ya pikipiki mpya ni zaidi ya shilingi milioni 2. Ukiwa huna fedha siku mita inapofika, heri kuiegesha siku mbili ukatafuta. Najua abiria wanangoja na mkopo unangoja. Yule kijana wa tatu naye alijua hivyo.

Yeye tumekubaliana kwamba baada ya mavuno tutaifungua injini yake, tutazame ringi. Kama ni ringi peke yake, gharama yake si kubwa mno. Kama silinda imekwaruzika, ni habari nyingine. Nitawaambia tulichokikuta.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mnyororo: lini ukazwe, lini ulegezwe, na kwa nini haufai kupakwa oili chafu yenye mchanga. Mwenye swali aniletee pale karakana siku ya gulio, aje na daftari lake.