NYUMBA NA JIRANI: Mtambo Mkubwa Katika Banda Dogo



Mwezi huu tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja wa Lipingo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye kazi yake ni useremala. Atwambia kwamba kwa miaka mingi amepasua na kuranda mbao zake kwa mikono, na sasa amejaaliwa kupata mashine moja yenye kazi tatu: kupasua, kuranda na kutoboa. Mahali pa kuiweka hana ila banda lililo ubavuni mwa nyumba yake, ambalo zamani likiwekwa gari. Upana wake futi 10 na urefu wake futi 16. Ukuta mmoja mrefu wa banda hilo wapakana na chumba cha jirani, na wa pili waelekea jiko la nyumba. Fedha ya kupanga karakana penginepo hana. Basi atuuliza mambo mawili: Je, mtambo mkubwa namna hii waweza kufanya kazi mahali padogo namna ile? Na je, yajuzu mtu kuigeuza nyumba yake kuwa karakana hali amezungukwa na majirani?

Tutaanza na la pili, kwa kuwa likiharibika hilo, la kwanza halina faida.

Kazi ya mikono haina aibu katika dini yetu. Nabii Nuh alijenga safina, Nabii Daud alifua deraa za chuma, na Nabii Zakariya, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alikuwa seremala. Lakini uhalali wa kazi haumpi mtu ruhusa ya kumtaabisha aliye karibu naye. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili kwa uwazi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, amelitaja katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho ni katika vitabu vikubwa vya madhehebu ya Shafii. Rai aliyoiona kuwa ndiyo sahihi zaidi ni kwamba mtu aweza kuifanya nyumba yake, hata kama imezungukwa na makazi ya watu, kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi; ila kwa sharti kwamba atahadhari na aziimarishe kuta. Nayo Majalla, sheria iliyokusanywa katika dola ya Waturuki baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, yasema kuwa madhara makubwa yaondolewe kwa vyovyote, na mfano wake ni huo huo: karakana ya mhunzi au kinu ambacho kwa kugonga na kuzunguka kwake hulidhoofisha jengo la jirani.

Tazameni, ndugu, jinsi njia mbili zinavyokutana. Mmoja aanza kwa haki ya mwenye mali, na mwingine aanza kwa haki ya jirani, na wote wawili waishia ukutani. Basi jawabu letu kwa ndugu wa Lipingo ni hili: yajuzu, lakini ruhusa hiyo imefungamana na tahadhari; na tahadhari si neno la mdomoni, bali ni saruji, vipimo na saa za kazi. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza.

La kwanza ni kupima kabla ya kubeba. Watu wengi huupima mtambo peke yake, wakaona kuwa futi 5 kwa 3 zaenea katika banda, wakafurahi. Wamesahau kuupima ubao. Ubao wa futi 12 wataka futi 12 mbele ya msumeno kabla haujapita, na futi 12 nyingine nyuma yake ukisha kupita; jumla futi 24. Banda la futi 16 halina nafasi hiyo. Dawa yake ni kuuelekeza msumeno mlangoni, kwa urefu wa banda. Msumeno ukikaa katikati, futi 8 kutoka mlangoni, ubao utaanzia nje ya mlango kwa futi 4. Na katika ukuta wa nyuma patobolewe dirisha dogo, lenye upana wa futi 2 na kimo cha futi 1, sawasawa na uso wa meza ya mashine, ili futi 4 za mwisho zitokee huko nje. Dirisha hilo litiwe linta juu yake, lisije likaupasua ukuta, na litiwe kifuniko cha bawaba cha kufungwa usiku na wakati wa mvua.

Na kabla ya kutoboa kitu, nendeni ufukweni. Mchanga wa ziwa ni karatasi isiyo na bei. Lichoreni banda kwa kijiti kwa ukubwa wake wa kweli, mweke ubao wa kweli, mtembee ndani yake kama mtu afanyaye kazi. Kosa la mchangani hufutwa kwa mguu; kosa la ukutani hufutwa kwa fedha.

La pili ni kuupunguza mtambo kabla ya kuusafirisha. Ikiwa utakuja kwa barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, au utashushwa kutoka melini, usibebwe mzima. Ifunguliwe mota kwanza, kisha meza, kisha mikanda na visu, na kila parafujo itiwe katika mfuko wenye alama. Chuma cha kusubu ni kizito, lakini hakivumilii kuanguka. Meza iliyopata ufa haitanyooka tena. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa namna ya kusogeza kitu kizito: kama mtumbwi upandishwavyo pwani juu ya magogo ya duara, vivyo hivyo kiunzi cha mashine chaweza kuingizwa bandani kwa magogo matatu na mtaimbo mmoja, bila mtu kuumia mgongo.

La tatu ni sakafu, na hapa ndipo ilipo haki ya jirani. Mashine iliyowekwa juu ya udongo hutikisika. Na mtikisiko huingia ardhini, kutoka ardhini ukaingia katika msingi, na kutoka katika msingi ukaingia katika ukuta wa mtu aliyelala. Basi ichimbwe sakafu chini ya mashine, na litiwe jukwaa la zege lenye futi 5 kwa 4 na unene wa inchi 6, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Kazi hiyo yatosha mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Jukwaa hilo lisigusane na ukuta. Liachwe mbali nao kwa muda wa shibiri moja. Limwagiwe maji kila siku kwa wiki nzima, na mashine isiwashwe juu yake kabla ya wiki nne. Baina ya miguu ya mashine na zege vitiwe vipande vya mpira wa gari kuukuu. Kitu hiki kidogo kisicho na thamani huzuia mtikisiko na kelele nyingi.

La nne ni kukifanya kila kilichobaki kuwa chepesi. Mtambo mmoja tu ndio wenye haki ya kukaa mahali pake daima; vinginevyo vyote vifuate. Benchi ya seremala itiwe magurudumu yenye kufuli, na kimo chake kiwe sawa na meza ya msumeno, au chini yake kwa unene wa ukucha, ili iupokee ubao unapotoka. Hivyo kitu kimoja chafanya kazi mbili. Meza ya gundi iwe ya bawaba ukutani, ikunjwe isipohitajiwa. Misumeno, patasi, randa na kekee vitundikwe. Mbao zisilazwe ndani, bali nje chini ya upenu, juu ya matofali, na baina ya ubao na ubao pawekwe vijiti ili upepo upite. Mvua za Ruvuma huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka mwezi wa nne. Kwa hiyo upenu uwe mrefu, na meza ya chuma ipakwe mafuta kila jioni, kwani unyevu hula chuma kimya kimya.

La tano ni umeme. Mota ya nguvu za farasi 3 hutoa zaidi ya wati 2,200, na inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara nyingi kuliko inapokwisha kushika mwendo. Haifai kuchomekwa katika soketi ya taa na redio. Ivutiwe waya wake mnene peke yake kutoka kwenye kikata umeme, na fundi aliyesajiliwa ndiye aufunge. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu, na mota isiyopata nguvu yake huungua. Vile vile mwenye kununua auangalie mtambo: ukiwa wa umeme wa njia tatu, na nyumba ina njia moja, huo si mtambo wake.

La sita ni vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliihesabu vumbi ya mbao kuwa miongoni mwa vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa wanadamu. Nayo vumbi ya mvule na ya mninga, mbao tunazozipenda kuliko zote, huwasha ngozi na kubana vifua vya watu wengine. Basi fundi afunge pua na mdomo kwa kizuizi kinachofaa. Auangalie na upepo: mwambaoni mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Mlango na dirisha vifunguliwe ili vumbi itoke upande usio na jiko wala chumba cha mtu. Maranda yazolewe kila jioni, yawekwe mbali na moto, wala yasitupwe ziwani.

La saba ni watoto. Nyumba si kiwanda. Ndani yake mna wenye kupita kwa kutafuta mpira au kuku. Mlango wa banda uwe na kufuli, na kikata umeme kiwe juu, mkono wa mtoto usifike. Asiingie mtu na kanzu yenye mikono mipana, wala kanga inayoning'inia, karibu na mkanda unaozunguka. Fundi asisimame sawa na msumeno bali kando yake, kwani ubao hurushwa nyuma. Na lile bapa la chuma lililo nyuma ya msumeno, lenye kuuzuia ubao usiubane, lisiondolewe kwa kisingizio cha haraka.

Yakisha kutimizwa hayo yote, limebaki moja ambalo halinunuliwi. Fundi na amwendee jirani yake kabla mashine haijawashwa, si baada ya ugomvi. Amwambie: "Ndugu yangu, nataka kufanya kazi hii, niambie saa zipi zitakudhuru." Wapatane mbele ya mashahidi wawili. Sisi twaona inafaa kazi ya mashine ikusanywe katika siku chache za wiki, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, na siku zilizobaki ziwe za patasi, gundi na msasa, ambazo hazina kelele. Jirani akipatwa na mgonjwa au msiba, mashine inyamaze bila kuombwa.

Na ikiwa pamoja na tahadhari zote hizo ukuta wa jirani umeonekana kufanya ufa, au mzee wake hapati usingizi, basi hukumu imebadilika, kwa kuwa sharti limekosekana. Hapo fundi na auondoe mtambo, auweke pembezoni mwa kijiji, hata kama ni kwa kushirikiana na mafundi wawili watatu katika banda moja, na nyumbani abaki na vyombo vya mkono. Twajua kuwa jambo hili ni zito kwa mtu aliyekusanya fedha yake kidogo kidogo. Lakini riziki huweza kuhamishwa kutoka banda hili hadi banda lile, na jirani aliyevunjwa moyo ni vigumu kumrudisha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ambariki ndugu yetu katika kazi yake, amlinde na madhara yake, na alinde majirani zake pia. Wabillahi tawfiq.