Mabanga kwa Ajili ya Lupango

Brooklyn, New York

Bandugu wa Kakanda, na hasa nyinyi wapiga gita, wapiga karindula na waimbaji wa kwaya,

Jumapili baada ya misa Yaya, ndugu yangu mkubwa, alinipigia simu. Akaniambia kuna watu wamepita mtaani na futi ya kupimia, wakaandika mambo yao kwenye daftari, wakapanda gari wakaenda. Karatasi hawakuacha, wala hawakusema wametumwa na nani. Mama Mkubwa alipowauliza, walimjibu kwamba atajulishwa. Tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, maana nimeona majirani zetu wa Kolwezi walivyojulishwa.

Wao walijulishwa na msalaba mwekundu. Pale Cité Gécamines, mtaa wa nyumba imara zenye maji na umeme, baadhi ya watu waliona kwanza alama imepakwa ukutani, ndipo wakaelewa kwamba mgodi wa COMMUS, ambao mwenye hisa nyingi ni Zijin ya China, unapanuka kuwaelekea. Ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi, ya Septemba 2023, imeandika maneno ya waliohamishwa: hawakuomba kuhama, na fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha. Wapo waliokwenda kuishi pembezoni, ambako hakuna bomba wala waya wa umeme. Sisi wa Kakanda, kati ya Likasi na Fungurume, tumekaa juu ya shaba na kobalti ileile.

Sasa niwaeleze nilichokiona huku. Desemba 2003 tajiri mmoja wa majengo, Bruce Ratner, alitangaza mradi wa Atlantic Yards katikati ya Brooklyn: uwanja wa mpira wa kikapu na minara 16, juu ya eneo la ekari 22. Ndani ya ekari hizo walikuwamo watu na makazi yao. Serikali ya jimbo ikasema itachukua viwanja kwa manufaa ya umma. Wakazi wakaunda chama, Develop Don't Destroy Brooklyn, nao wanamuziki wa mtaa wakapiga shoo za kuchangia mawakili. Mimi nilikuwa mgeni, naosha vyombo kwenye mgahawa. Usiku mmoja nilipotoka kazini niliingia kwenye baa ndogo, nikaona ndoo ya plastiki inapita mkono kwa mkono huku mtu anapiga gita. Nilitia dola 5. Zilikuwa nauli yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kesi walishindwa. Novemba 2009 mahakama ya juu ya jimbo iliipa serikali haki, na uwanja ulifunguliwa Septemba 2012. Nawaambia hivyo ili msidhani nawauzia ndoto. Lakini sikilizeni: Daniel Goldstein, mkazi aliyebaki peke yake katika jengo lake hadi mwisho, Aprili 2010 alilipwa dola milioni 3 ili atoke. Yeye hakuwa na mgodi wala cheo. Alikuwa na mawakili, na mawakili wale walilipwa kwa michango ya watu wengi, pamoja na vijisenti vya ndoo kama ile. Miaka 6 ya mapambano ndiyo iliyompandishia bei. Mtu wa Kolwezi aliyeitwa peke yake mezani, karatasi imeandikwa Kifaransa cha ofisini, angetoa wapi miaka 6?

Sheria yetu ya migodi, iliyorekebishwa 9 Machi 2018, si mbaya. Inadai fidia kwa anayehamishwa. Inaitaka kampuni itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Lakini mtu wa kuisoma mbele ya hakimu ni lazima alipwe, na mpimaji wa ardhi ni lazima alipwe, na mtu akishachorewa msalaba ukutani hakuna tena muda wa kuchanga.

Hapa ndipo ninapowaita, wanamuziki. Msidharau mnachokishika mkononi. Gita la Mwenda Jean-Bosco lilirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi yetu, mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka bila kuomba ruhusa kwa mkubwa yeyote. Na tuna jambo ambalo watu wa Brooklyn hawakuwa nalo: mabanga. Mtu analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Nimeona kwenye kilio, karindula inavuma, lile pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, na mjane mwenyewe anaondoka kwenye mkeka kwenda kubandika noti ya falanga 500 kwenye paji la mwimbaji. Inashika kwa jasho. Kama tunatoa kwa ajili ya aliyekufa, tutoe na kwa ajili ya nyumba ambayo bado imesimama.

Ninaomba mpige shoo ya usiku mmoja, iwe hivi. Mabanga yasiwe ya majina ya wakubwa. Kila anayetoa, itajwe lupango yake, yaani kiwanja na nyumba yake: mtaa, nani aliijenga, ina vyumba vingapi, miti mingapi. Pembeni akae mwalimu na daftari, aandike yote yanayoimbwa, na kijana mwenye simu apige picha kesho yake. Usiku ukiisha mtakuwa na pesa, na mtakuwa na orodha ya mtaa mzima kabla ya wenye futi kurudi na ya kwao. Mwembe unaozaa una thamani yake, lakini ukiisha kukatwa, nani atauhesabu? Pesa zishikwe na akina mama watatu wa likelemba, mchango wetu wa zamu. Hao mahesabu yao hayajawahi kupotea.

Dola 200 zitamfikia Yaya kabla ya Jumamosi. Jina langu msiliimbe. Imbeni lupango ya marehemu baba, njia ya kanisani, vyumba 4, miembe 3, na kisima alichokichimba kwa mikono yake.

Ndugu yenu wa Kakanda