Taarifa Itangulie Gari

Mgonjwa mahututi mwenye maradhi ya kuambukiza ya njia ya hewa anapotakiwa kuhamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, maswali ya mwanzo huwa ya gari: lipo? Lina mafuta? Dereva yuko wapi? Toleo hili linaanza na maswali mengine: nani amepiga simu, amezungumza na nani, na amemweleza nini? Hoja yetu ni kwamba safari ya rufaa ni sehemu ya matibabu, na hatua yake ya kwanza ni taarifa kufika kabla ya mgonjwa. Gari zuri lisilotanguliwa na taarifa huyafikisha maradhi mapema kuliko gari bovu.

Ushahidi hauko mbali. Mwezi Mei 2015, mtu mmoja aliyerejea Korea Kusini kutoka nchi za Ghuba alilazwa katika hospitali ya mji wa Pyeongtaek bila yeyote kujua kwamba ana MERS. Mgonjwa mwingine wa ghorofa hiyo hiyo akaambukizwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, hali ikambadilikia, na tarehe 27 Mei akapanda basi kwenda Seoul kutafuta hospitali kubwa. Alilala katika idara ya dharura akitibiwa kama mgonjwa wa kawaida wa homa ya mapafu. Watu zaidi ya 80 waliambukizwa kutoka kwake: wagonjwa wenzake, wahudumu, na ndugu waliokuja kuuguza watu wao. Mlipuko ulipozimwa ulikuwa umewapata watu 186, na 38 kati yao walifariki. Majina ya hospitali zilizoguswa hayakutangazwa kwa umma hadi tarehe 7 Juni.

Huyo alijihamisha mwenyewe. Toronto, Kanada, mwaka 2003, mgonjwa alihamishwa rasmi. SARS ilikuwa imeingia jijini kupitia msafiri aliyetoka Hong Kong, na mwanawe akaisambaza katika idara ya dharura ya hospitali ya Scarborough Grace kabla haijajulikana ni maradhi gani. Mmoja wa walioambukizwa hapo akapelekwa kwa rufaa katika hospitali ya York Central. Makaratasi yake hayakusema lolote la hatari, kwa sababu walioyaandika hawakuijua hatari yenyewe. Hospitali ya pili ikapata mlipuko wake. Mwaka huo huo jimbo la Ontario likaanzisha kituo kimoja cha kuidhinisha uhamisho: hakuna mgonjwa anayetoka hospitali moja kwenda nyingine mpaka maswali ya maambukizi yameulizwa na namba ya kibali imetolewa.

Korea Kusini na Kanada hazikukosa ambulensi, wala barakoa, wala madaktari bingwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha habari za hospitali ya kwanza na maamuzi ya hospitali ya pili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye rufaa anayeficha si lazima awe na nia mbaya. Inatosha aandike "anakohoa, ana homa" na kunyamazia kwamba wagonjwa watatu wa wodi hiyo hiyo wanakohoa vilevile.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Machi 2020, hospitali za mashariki mwa Ufaransa zilipojaa wagonjwa wa UVIKO-19, treni ya mwendokasi iligeuzwa kuwa wodi. Tarehe 26 Machi ilitoka Strasbourg na wagonjwa 20 mahututi kuelekea hospitali za magharibi zilizokuwa bado na nafasi. Katika msimu ule, kwa treni, ndege na helikopta, Ufaransa ilihamisha wagonjwa zaidi ya 600. Tusidanganywe na ukubwa wa mitambo. Siri ilikuwa katika uchaguzi: waliohamishwa ni wale ambao hali yao ilikuwa imetulia kiasi cha kuhimili safari, na kila mmoja kitanda chake kilikuwa kinamsubiri kabla treni haijaondoka.

Turudi nyumbani. Mfumo wetu wa afya umejengwa juu ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, hadi Muhimbili. Na kusafirisha wagonjwa wa maradhi ya hewa hatukuanza na korona. Tanzania ilipoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, tiba ilikuwa katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, peke yake. Kabla huduma hiyo haijasambazwa mikoani, mgonjwa aliweza kuvuka nusu ya nchi kuifuata. Kusogeza tiba karibu na watu kulipunguza safari hizo, na hilo ni fundisho la kwanza: uhamisho salama kuliko wote ni ule ambao haukuhitajika. Kabla ya kuita gari, aulizwe mtaalamu wa juu kwa simu kama lipo linaloweza kufanyika hapo hapo alipo mgonjwa.

Ikiwa ni lazima aende, hesabu ya oksijeni ifanyike kwa kalamu, si kwa makadirio ya macho. Mtungi mdogo wenye lita 680, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, huisha baada ya dakika 45. Mashine ya kupeleka oksijeni puani kwa kasi kubwa, inayoweza kutumia lita 60 kwa dakika, itaumaliza mtungi huo kwa dakika 11. Kokotoa mahitaji ya safari nzima kisha uzidishe mara mbili, maana kuna pancha, kuna foleni, na kuna kivuko kilichoegeshwa ng'ambo. Anayekwenda kwa ndege naye ana hesabu yake. Hewa ya ndani ya ndege huweza kulingana na ya mlima wa mita 2,000 na zaidi. Ikifikia 2,400, nguvu ya oksijeni hubaki robo tatu ya ile ya pwani, na hewa iliyovuja kando ya pafu hutanuka kwa takriban theluthi.

Kuhusu kinga ndani ya gari, mengi hayahitaji fedha nyingi. Anayeelekea kuhitaji mpira wa kupumulia awekewe wodini, penye mwanga na mikono ya kutosha, si njiani kwenye matuta. Kichujio kiwepo kwenye mpira huo, na mpira ubanwe kabla ya kumhamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine ili hewa ya mapafuni isirushwe. Anayepumua mwenyewe avishwe barakoa, akiweza kuivumilia. Muuguzi na dereva wavae N95. Nafasi kati ya dereva na mgonjwa izibwe, feni ya nyuma itoe hewa nje, na kiyoyozi kisizungushe hewa ile ile. Na yule ndugu anayesindikiza, kwa kuwa kwetu mgonjwa haendi peke yake, apangiwe usafiri wake au apewe kinga na kiti chake. Asiachwe akainama kichwani pa mgonjwa safari nzima, kisha akarudi na daladala nyumbani kwenye watoto.

Wapo watakaotujibu kwamba simu hupoteza muda, na mgonjwa wa kifua hana muda. Tunakubali kwamba hana muda, ndiyo maana simu ipigwe wakati dereva anajaza mafuta na muuguzi anahesabu mitungi. Muda unaopotea zaidi ni ule wa mgonjwa kusubiri getini ndani ya gari, oksijeni ikishuka, huku hospitali iliyompokea bila kujua ikitafuta chumba cha kumtenga. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hospitali ikishaambiwa "ana maradhi ya kuambukiza" itasema imejaa. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo simu isiwe ombi kutoka kwa daktari mnyonge kwenda kwa daktari mkubwa. Awepo mratibu katikati, mwenye mamlaka ya kutafuta kitanda na kuamua kiko wapi. Kazi ya taarifa ni kuiandalia hospitali njia ya kumpokea mgonjwa. Kisingizio cha kumkataa kisipatikane ndani yake.

Mratibu wa namna hiyo si ndoto. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unawaunganisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga na usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bila malipo. Anayepokea simu hutafuta ambulensi, na isipopatikana humtafuta dereva jamii. Kwa mgonjwa anayeambukiza kwa hewa, gari la dereva jamii halifai, lakini meza ile ya simu inafaa sana. Taifa lililoweza kumpangia mama safari linaweza kumpangia na mgonjwa wa mapafu. Msimamo wa jarida hili ni kwamba uratibu huo upanuliwe kwa wagonjwa mahututi wote, na maswali ya maambukizi yawe sehemu ya kila simu.

Makala zinazofuata zinaingia ndani zaidi: hesabu za oksijeni kwa safari ndefu, mafunzo ya madereva, na usafi wa gari baada ya safari. Zisomeni mkiwa na kalamu. Lakini lipo la kufanya leo kabla hujafungua ukurasa wa pili, hasa wewe mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya. Tafuta namba ya zamu ya hospitali unayopeleka rufaa zako, uipige, uone kama kuna anayepokea. Kama hakuna, liambie jambo hilo ngazi ya mkoa wiki hii, kabla mgonjwa wako hajalazimika kuligundua akiwa njiani.