Mwinjilisti naye anakula

Wanachuo wenzangu, kila tukipanga huduma ya wikiendi vijijini, lazima mtu aseme: "Tumtegemee Mungu tu." Amina. Lakini nauli je? Na yule mwinjilisti anayetupokea, tunamwachia nini?

Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, walimu Waafrika ndio waliobaki na sharika za Usambara. Msaada wa Ulaya ulikatika, ibada hazikukatika. Wengine huutumia mfano huo kusema mtumishi wa kweli hahitaji kitu. Jamani! Walimu wale nao walikula, na chakula hakikudondoka kutoka mawinguni. Kilitoka kwenye mashamba ya milimani, kwa jasho la watu.

Kusema kweli, kumtumaini Mungu ni juu ya mtumishi mwenyewe. Sisi tukimwambia "Mungu atakulipa" huku mifuko tumeifunga, hiyo si imani, ni ubahili uliovaa joho.

Basi safari ijayo ya Mtae, kapu lipite kwanza: nauli, na cha kumwachia mwenyeji wetu. Halafu tuombe.